Mama, Sikuachwa

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, umekaa kwenye mkeka wako wa ukumbini, na miguu haikusumbui sana. Kifua cha mjomba kinaendeleaje? Na yule jogoo wako mkorofi aliyekuwa anawafukuza watoto wa jirani, bado anatamba au ameshaingia chunguni? Sisi huku hatujambo. Abubakary anakuamkia, na wajukuu zako wanauliza ni lini utawaletea kashata.

Najua kuna swali limekukaa kooni, kwa hiyo nalijibu kwanza, salamu nyingine zitafuata. Mama, sikuachwa. Sina talaka, si moja wala tatu. Niko nyumbani kwangu, na mume wangu sasa hivi yuko uani anahangaika na friji ya mtu. Habari aliyoiokota Sofia alipokuja Buguruni kuuza samaki wake wakavu, akakuletea huko Kivinje, si kweli, ingawa simlaumu sana. Angekuwa mtu mwingine yeyote, angefikiri hivyo hivyo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Tukiongea kwenye simu na mazungumzo yakafika pagumu, mtandao wa Kivinje huharibika ghafla. Barua nimempa Sofia huyo huyo ailete. Alibeba uongo bila kutozwa nauli, basi na ukweli aubebe. Tafadhali usimpe mtu akusomee, vaa miwani yako usome mwenyewe.

Mambo yalianzia dukani. Unaijua Kariakoo ya siku za mwisho za Ramadhani. Wateja wa jumla wa Mtwara, wa Singida na wa Lubumbashi walikuwa wamejaa mbele ya fremu yangu, kila mmoja anataka mapazia yake yafungwe kwanza, wapagazi wanapiga miluzi, na mimi nina mkasi mkononi nakata kitambaa. Ghafla pumzi ikagoma. Moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, na nikawa na hakika kabisa kwamba nakufa pale pale mbele ya watu. Nikauweka mkasi chini, nikapita nyuma na kujibanza katikati ya marobota mpaka hali ikatulia. Badria, yule dada ninayefanya naye biashara, akawaambia wateja kuwa saumu imenibana. Wakaniombea dua, kisha wakaendelea kuvutana na mapazia.

Lingekuwa limeishia hapo nisingekusumbua. Lakini lilinirudia Mnazi Mmoja, mchana kweupe, natembea zangu wala hakuna aliyenigusa. Likanirudia tena kwenye foleni ya benki. Ikafika mahali nikawa naogopa kuogopa. Natoka nyumbani nimevaa vizuri, nafika kona ya Msimbazi, nasikia kelele za sokoni, miguu inageuka yenyewe. Mwisho nikaacha kabisa kwenda dukani. Mimi, Mama, niliyeanza na mapazia mawili begani nikiyatembeza barabarani mpaka nikapata fremu yangu, nikawa nashinda kitandani natazama dari. Badria alijitahidi, lakini hawezi peke yake, na mwenye nyumba alishaanza kufuatwa na watu wanaoitaka ile fremu. Nilijua nikichelewa nitakuta jina la mtu mwingine mlangoni.

Wifi yangu mkubwa alisema ni jini, tena alishamchagulia na rangi ya kitambaa. Mimi nikaenda hospitali. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, akanipima moyo, akaniambia moyo wangu ni mzima kuliko wake. Akasema huu ni ugonjwa wa wasiwasi, upo, unawapata watu wengi, na unatibika. Akanipa vidonge, akanifundisha kupumua, akanipangia siku za kwenda kuongea naye, na akanishauri nipate mahali nikapumzishe akili kidogo, mbali na duka na simu. Kabla sijatoka akaniuliza kama katika familia yetu yupo mwingine mwenye hali kama hii. Nikamjibu hayupo. Naomba uliweke akilini hilo jibu langu, nitalirudia.

Nikatoka pale nimeamua. Nitapona, na nitarudi kwenye fremu yangu kwa miguu yangu mwenyewe, hata kama wifi atanuna.

Badria akaingia mtandaoni kunitafutia mahali. Kumbe siku hizi kupumzika ni biashara inayolipa kuliko mapazia. Sehemu ya kwanza ilikuwa Zanzibar. Picha ilionyesha mwanamke amekunja miguu kwenye jukwaa la mbao, amefumba macho, pembeni ana dafu. Nikapiga simu. Kijana aliyepokea akanisalimia kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, akaniuliza kama nimekosea namba. Kisha akanitajia bei kwa dola, usiku mmoja, bila chakula cha mchana. Nikamuuliza kama kwa bei hiyo wao ndio wanalala kwa niaba yangu. Yeye hakucheka, lakini Abubakary aliyekuwa anasikiliza alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kwa hiyo siwezi kusema vocha ile ilipotea bure.

Sehemu ya pili ilikuwa Kigamboni, imejitangaza kuwa kambi ya utulivu kwa watu wa kipato cha kawaida. Nikasema hii ndiyo yetu. Tukavuka Magogoni mimi na Badria, tukaketishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Dada mmoja akasimama na kipaza sauti, ingawa tulikuwa watu wachache tu, akatueleza kwamba wasiwasi unatokana na sumu iliyoganda tumboni na kwamba kuna unga wa kijani unaoiyeyusha. Ukinunua makopo na ukaleta wenzako nao wakanunua, unapandishwa cheo, unakuwa kiongozi. Moyo ukaanza kunienda mbio palepale kwenye kambi ya utulivu. Tukaondoka, na kwenye pantoni nikalia kwa hasira. Badria akadhani limenipata tena, nikamwambia hapana, leo ni hasira tupu, na nashukuru kuiona.

Kesho yake nikaenda Buguruni kwa somo wangu, aliyenifunda nilipovunja ungo. Bi Moza uliyenichagulia wewe mwenyewe hajabadilika. Bado anaongea kama anagombana, bado anaibia kwenye karata, na bado hakuna mpangaji anayethubutu kuwasha redio kabla yake. Nikamweleza yote, tangu mkasi mpaka unga wa kijani. Aliacha kukuna nazi akanitazama. Akauliza kwa hiyo yeye ameshakufa, siyo? Ana nyumba, ana jiko, ana chumba cha nyuma, na mwali wake anazunguka mji mzima kutafuta watu wa kumlaza kwa dola! Akauliza ni lini mara ya mwisho nilikaa nikalishwa na kuogeshwa, na hakuna mtu aliyeniomba kitu. Nikafikiri sana, Mama. Nikamjibu ni zile siku alizoniweka ndani nilipokuwa msichana. Akarudi kwenye mbuzi yake ya nazi, akasema basi nije Jumamosi, tunarudia.

Hivyo ndivyo mwanao, mama wa watoto watatu mwenye mvi za kuhesabika, alivyokuwa mwali mara ya pili. Bi Moza hakutaka pesa. Alitaka kile kile ulichompelekea wewe zamani, mchele, sukari, nazi na doti ya khanga, na akaongeza pazia zito kutoka dukani kwangu, kwa sababu wapangaji wanapita koridoni muda wote. Simu yangu akaifungia kwenye kasha. Vidonge vya daktari hakuvibishia hata kidogo, tena alinisimamia kila nikivimeza, akisema yeye anajua kuweka mtu ndani, ya moyo na kichwa anayajua daktari. Nikawaaga watoto, Abubakary akanisindikiza alfajiri na begi langu, nikaingia.

Usidhani kulikuwa na ukimya. Ni Buguruni, Mama. Ukutani upande wa pili kuna mafundi wanagonga mabati ya magari, uani watoto wanagombania bomba, na taarabu ya Bi Moza haizimwi. Lakini katika kelele zote zile hakuna hata moja iliyokuwa inaniita mimi. Mwanzoni nililala tu, naamshwa kula, nalala tena. Nilipewa uji wa pilipili manga kama mzazi. Nilisuguliwa msio wa kusafisha ngozi mgongoni kwa nguvu kama sufuria iliyoungua, na nikilalamika naambiwa mwali hana mdomo. Nilikuwa nimesahau raha ya kuambiwa ninyamaze.

Asubuhi moja likanijia hukohuko ndani. Fundi aliangusha chuma, moyo ukashtuka, na pumzi ikaanza kukimbia. Nikamwita Bi Moza nikamwambia nakufa. Hakunishika wala hakupiga kelele. Alikuja na ungo wa mchele, akaketi nyuma yangu mgongo wake ukiegemea mgongo wangu, akanisogezea ungo akaniambia nitoe mawe. Nikamwambia siwezi. Akasema mchele ni wa mchana na watu watataka kula, nife au nisife. Nikatoa jiwe moja. Nikapumua alivyonifundisha daktari, nikatoa lingine. Nilikuwa nausikia mgongo wake ukipanda na kushuka taratibu, na wangu ukaufuata. Mchele ulipokwisha hofu ilikuwa imeshaondoka, sijui hata iliondoka saa ngapi. Siku ile ndipo nilipoamini kuwa kitu kile kinakuja na kinapita, na kwamba naweza kuwa na kazi mkononi wakati kinapita.

Sasa hiyo habari ya talaka. Wapangaji wa Bi Moza walijionea wenyewe: mwanamke mtu mzima ameingia alfajiri na begi, hatoki nje, hana simu, haonekani na wanaume, na mlangoni kumetundikwa pazia jipya. Wakajumlisha wakapata eda. Wa kwanza kunipa pole alikuwa Josepha, mama lishe kutoka Masasi anayekaa chumba cha mbele. Aliniletea supu, akaketi nje ya pazia, akaniambia nisijione wa kwanza, wanaume ndivyo walivyo, na mimi bado ni mwanamke ninayetazamika. Nikamwambia sijaachwa. Akasema kwa huruma kuwa hata yeye mwanzoni alikuwa anasema hivyo. Siku Abubakary alipokuja kunijulia hali, Bi Moza akamfukuza mlangoni kwa mwiko, na hapo hata waliokuwa na shaka wakaamini. Kule mtaa wa Gerezani, kwenye kijiwe chao cha mafundi, wenzake walishaanza kumpa pole, na mmoja akamtajia binamu yake wa Temeke. Mume wangu hakuniambia lolote mpaka nilipotoka. Anasema hakutaka kunivurugia mapumziko, ila nimemwambia huyo binamu wa Temeke nitamtafuta mwenyewe.

Aliyenisafisha ni Josepha. Siku moja aliuliza kwa uchovu, sasa kama hukuachwa, humo ndani unafanya nini? Nikamweleza kuwa napumzisha kichwa, nimeacha simu na kazi, nalishwa, naambiwa nitulie, ni hayo tu. Akapiga paja lake. "Kumbe uko mafungo!" alisema. "Si ungesema tangu mwanzo? Hata sisi tunaendaga kwa masista." Akainuka palepale akapita koridoni mlango kwa mlango, akiwatangazia wapangaji kuwa mama wa pazia yuko mafungo na waache umbea. Bahati mbaya Sofia alikuwa ameshauza samaki wake na amepanda basi. Nadhani wakati Josepha ananitakasa, wewe ulikuwa umeshaanza kumlaani mkweo.

Juma lilipokwisha nikarudi nyumbani, na Jumatatu nikaenda dukani. Kona ya Msimbazi miguu ilitaka kugeuka, sikukubali. Nikafungua fremu mwenyewe. Kabla ya adhuhuri likaja, na mteja wa Singida amesimama mbele yangu. Nikamwomba asubiri, nikavuta bakuli la pete za mapazia nikaanza kuzichambua, kubwa huku, ndogo kule, napumua. Akaniangalia, pengine aliona nimerukwa na akili. Likapita. Nikachukua mkasi nikamkatia kitambaa chake, tena nilikata kikanyooka. Sijapona kabisa, sitaki nikudanganye. Naendelea na daktari, vidonge nameza, na siku nyingine ni ngumu. Lakini fremu ni yangu bado, na mwenye nyumba ameacha kupita pita.

Mama, hayo yote ningeweza kukuambia kwa simu, mtandao wa Kivinje ukiruhusu. Kilichonikalisha chini kuandika ni hiki.

Yule daktari aliponiuliza kama katika familia yupo mwingine, nilimjibu haraka bila kufikiri. Pale Buguruni nilipata nafasi ya kufikiri. Niliikumbuka nyumba yetu ya Mtaa wa Sikukuu na ile stoo ya mkaa nyuma ya jiko. Wageni wakija wengi, au baba akipandisha sauti, au mtaani kukiwa na shughuli, ulikuwa unaingia stoo unatia komeo. Sisi tuliambiwa mama anasali, asisumbuliwe. Akibisha mtu hodi, ni mimi niliyetumwa mlangoni kusema mama anasali. Nililisema neno hilo mara nyingi mpaka watu wakakuona mcha Mungu kuliko imamu. Lakini nilikuwa naweka sikio kwenye ule mlango, Mama. Nilizisikia pumzi zako. Mtu anayesali hapumui vile. Nilijua ni kitu kingine, ila sikuwa na jina lake, na nilikuwa naogopa kuuliza. Siku nilipojibanza katikati ya marobota nilizisikia tena pumzi zile zile, zinatoka kifuani kwangu.

Siku niliyotolewa ndani nikiwa msichana, ngoma inalia uani, aliyenipokea mlangoni alikuwa shangazi. Niliambiwa unasali. Siku ya harusi yangu ulikuwa umeshahamia Kivinje, ukasema mguu. Nilikukasirikia miaka mingi kwa hilo, nakuambia wazi, kwa sababu nilidhani sikukushughulisha. Sasa hasira hiyo imeniisha. Ninayo nyingine, ya kwamba ulibeba mzigo ule peke yako katikati ya nyumba iliyojaa watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyesukuma mlango.

Siku ya kuondoka kwa Bi Moza nilitegemea anitoe kwa mila, hata kwa vigelegele viwili vitatu. Alikataa. Alisema niende nikafanye kazi zangu, lakini kutolewa bado. Mara ya kwanza alinitoa bila mama yangu kusimama mlangoni, na hatafanya hivyo mara ya pili. Nikamuuliza kama miaka yote alikuwa anajua kilichokuwa kinakupeleka stoo. Akainua begi langu akanikabidhi. Pazia langu hakuliondoa, na nilipopita juzi kumjulia hali nikakuta ameingiza kitanda cha pili.

Kwa hiyo nakuja kukuchukua, Mama. Nakuja Ijumaa na Abubakary, ameazima pikapu ya tajiri wake, kwa sababu najua shida yako na basi wala haikuwa mguu. Tutasimama Nangurukuru, tutasimama Somanga, tutasimama popote utakapotaka. Ukisema moyo unakimbia tutashuka tutakaa chini, nitakupa mgongo wangu uegemee, na kwenye gari nitaweka ungo na mchele. Ikibidi kulala Ikwiriri tutalala Ikwiriri. Daktari nimeshamwambia kuwa nilimjibu vibaya, na amesema atafurahi kukuona. Tutakaa ndani pamoja, tutasuguliwa msio, tutaambiwa tunyamaze, na tukiwa tayari utatangulia wewe kutoka, usimame mlangoni, kisha mimi nitoke nikukute.

Nisalimie mjomba na nyumba nzima, mkubwa kwa mdogo. Mwambie Sofia simdai chochote, ila siku nyingine aanze kwa kuchungulia nyuma ya pazia. Watoto wanakuombea afya, na Abubakary anasema radhi zako anazihitaji maana laana zako zimeshamfikia Gerezani.

Ijumaa nitabisha hodi. Mjomba akija mlangoni kuniambia unasali, nitakaa hapo kizingitini nikusubiri umalize, hata kama ni mpaka Jumamosi.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
mwali wako ambaye bado hajatolewa,

Sitara